Duka la gemu la Magomeni, Mtwara: tepu nyeupe ninayoiamini kuliko tisa kwa kumi

Kila diski inayouzwa kwenye duka hili imebandikwa kipande cha tepu nyeupe kwenye jalada, na juu ya tepu kuna maneno ya kalamu nzito. "FIFA 19. Wawili wanacheza bila intaneti. Ina mchubuko, nimeicheza msimu mzima haijakwama. Ni ya mteja. Ikiuzwa nabaki na elfu tano." Nyingine: "Call of Duty. Kama huna bando la uhakika, iache." Na hii hapa, kwenye gemu ya mieleka: "WWE 2K20. Imejaa makosa. Mwenyewe kaniachia niuze, ila mimi nakwambia usinunue."

Mtu anauza kitu na papo hapo anakuandikia usinunue. Tena anakuandikia yeye anapata nini ukinunua. Hapa Mtwara mjini sijaona duka jingine linalofanya hivyo, na kwa muda wote niliosoma mapitio ya gemu kwenye simu yangu, nimekutana na waandishi wachache sana, katika majarida makubwa ya Marekani na Uingereza, wanaofanya hivyo bila kulazimishwa. Ndiyo sababu naandika kuhusu duka hili kwa urefu.

Lipo Magomeni, mtaa wa ndani. Chumba cha mbele kina kabati la vioo lenye diski, padi, nyaya na chaja. Chumba cha nyuma kina luninga nne, mashine za gemu za PlayStation (PS3 mbili na PS4 mbili), mabenchi ya mbao, na feni inayozunguka upande mmoja wa chumba. Mechi ni jero, yaani shilingi mia tano. Diski zilizotumika huanzia elfu ishirini na tano, nyingi zipo kati ya arobaini na sitini. Diski mpya kabisa hakai nazo; ukiihitaji anakuagizia Kariakoo, nauli ya basi juu yako, na risiti ya huko anakuonyesha. Mwenye duka ni dada mmoja wa Newala aliyeanza kwa kutengeneza simu, na sote tunamwita Fundi.

Niseme pia mimi ni nani, maana yeye mwenyewe amenifundisha kusema. Sina hisa kwenye duka, sijapewa kitu cha bure, na kila mechi niliyocheza pale nimeilipia. Kazi yangu ni ghalani. Msimu wa korosho ukifunguliwa, mimi ni mmoja wa wanaochoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomolea sampuli. Gunia linachomwa juu, katikati na chini, unachanganya ulichochomoa, unapima unyevu, unakata korosho na kupima viini vizuri vimetoka vingapi. Hapo ndipo daraja linapopatikana, na daraja ndilo linaloamua mkulima wa Nanyamba au Tandahimba ataingia mnadani na bei gani. Wakubwa wetu wa kazi walitusisitizia jambo moja tangu siku ya kwanza: mwenye mzigo hakuchagulii gunia la kuchoma.

Sasa tazama Cyberpunk 2077. Kampuni ya CD Projekt Red ya Poland iliitoa tarehe 10 Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo wahakiki walipewa nakala za kompyuta. Nakala za mashine za PS4 na Xbox One hawakupewa. Waliotengeneza mapitio ya video hawakuruhusiwa kuonyesha walichorekodi wenyewe kabla gemu haijatoka. Walitumia picha zilizotolewa na kampuni. Alama zikapanda, wastani wa Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wahakiki, ukapita 90. Watu milioni 8 walikuwa wameshaagiza kabla ya siku ya kutoka. Kisha wenye PS4 wakawasha mashine zao. Gemu inazima katikati, nyuso za watu zinakuja bila sura kamili, magari yanatokea ghafla mbele ya macho. Haikupita hata wiki mbili, Sony ikaiondoa kwenye duka la PlayStation na kuahidi kurudisha fedha za watu. Iliporudi Juni 2021, wenye PS4 ya kawaida walipewa onyo.

Kampuni ilichagua gunia la kuchomwa. Yale mengine, ambayo watu wa kipato chetu ndiyo tungeuziwa, bambo halikuyafikia. Wapo wahakiki waliosema wazi kwamba wameiona kwenye kompyuta tu, na hao nawapa haki yao. Lakini ile namba tisa ilisambaa peke yake, bila yale maelezo. Kijana wa Chuno mwenye PS4 aliyonunua kwa fedha za korosho za baba yake haoni maelezo, anaona tisa.

Na hapa Mtwara PS4 bado ni mashine ya mtu aliyejitahidi. Anayenunua diski mpya ya laki na nusu amejinyima kitu. Hana pa kuirudisha. Hakuna duka la Sony la kupiga simu, na wengi hawana kadi ya benki ya kurudishiwa hiyo fedha. Kwa hiyo mhakiki anapokubali masharti ya mwenye mzigo, kuna mtu anaumia mbali sana na ofisi yake, mtu ambaye mhakiki hatamjua kamwe. Hilo linanikera kuliko mambo mengi yanayobishaniwa kuhusu gemu.

Fundi hakubali masharti. Mwaka jana msambazaji mmoja wa Dar es Salaam alimletea padi kadhaa za bure azisifie kwenye ukurasa wake. Alizipokea, akaziandika tepu: "Nimepewa bure na anayeziuza." Kisha akazipeleka chumba cha nyuma, watoto wa Magomeni wakazipiga kweli kweli. Baada ya muda tepu ya pili ikaongezwa chini ya ile ya kwanza: "Kijiti cha kushoto kimeanza kuvuta chenyewe. Mbili kati ya hizi zimekufa." Msambazaji hakurudi. Nilimuuliza kama hakuona anapoteza mtu wa kumletea vitu.

"Kaka, yule ananiletea padi," akaniambia. "Hawa ndio wananiletea jero."

Sisi Watanzania hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali bahasha ni nini. Tunawajua makanjanja, wanaokaa mstari wa mbele kwenye mkutano wakisubiri bahasha, na siku hizi tunawajua machawa, wasifiaji wa kulipwa ambao hata kalamu hawabebi. Kwenye gemu mambo ni yale yale, ila bahasha ina umbo jingine. Aprili 2014 waandishi walioalikwa Paris kuitazama Watch Dogs ya Ubisoft walipewa tableti za Nexus 7 waende nazo nyumbani. Habari ilipovuja, kampuni ikasema hilo halikuwa sahihi. Mwaka huo huo Warner Bros. iliwalipa watu wa YouTube kuisifia Middle-earth: Shadow of Mordor. Tume ya Biashara ya Marekani ilifunga suala hilo mwaka 2016, na katika maelezo yake ilionekana kwamba waliolipwa walipewa kuanzia mamia hadi makumi ya maelfu ya dola, walitakiwa waseme mazuri, na hawakutakiwa kuonyesha makosa ya gemu. PewDiePie alikuwa mmoja wao. Maneno ya kwamba wamelipwa yalikuwepo, ila chini kabisa, sehemu ambayo mtu haioni mpaka abonyeze kufungua maelezo zaidi.

Tofauti na tepu ya Fundi ndiyo hiyo tu: yake iko juu ya jalada, mahali ambapo jicho linafika kabla ya picha ya mchezaji.

Kuna mtu mmoja ninayemheshimu sana katika habari hizi, Jeff Gerstmann. Mwaka 2007 alikuwa mhakiki wa tovuti ya gemu ya GameSpot, akaipa gemu ya Kane & Lynch: Dead Men alama 6. Wakati huo huo tovuti ilikuwa imepambwa kwa matangazo ya gemu hiyo hiyo, yaliyolipiwa na Eidos, kampuni iliyoitoa. Mwishoni mwa Novemba akafukuzwa kazi. Watu walihisi sababu, lakini yeye alikuwa amefungwa mdomo kwa makubaliano ya kisheria. Akaenda kuanzisha tovuti ya Giant Bomb mwaka 2008. Ilipofika Machi 2012, baada ya Giant Bomb aliyoianzisha kununuliwa na kampuni ile ile iliyokuwa inamiliki GameSpot, ndipo akaruhusiwa kusema: ndiyo, wakubwa walishikwa na presha ya watangazaji, na wao hawakuwa na uzoefu wa kuipinga.

Nimeirudia sana habari hii kwa sababu haina mtu mwenye bahasha mkononi. Hakuna aliyemwambia Gerstmann aandike uongo. Alama 6 haikuwa hata tusi. Kilichotokea ni kwamba anayelipa mishahara na anayehukumiwa walikuwa karibu mno, na aliyesimama katikati akasukumwa nje. Ghalani ningesema mpimaji ameajiriwa na mnunuzi. Hata akiwa mwaminifu kama malaika, siku atakayoandika daraja la pili atajiuliza kama kesho ana kazi.

Watu wengine wakisikia "maadili ya uandishi wa gemu" wanakumbuka kitu kingine, na siwezi kukiruka. Agosti 2014 huko Marekani lilizuka vuguvugu lililojiita Gamergate. Lilianza na maandishi ya mpenzi wa zamani wa mtengenezaji gemu Zoë Quinn, na kutoka hapo ikasambazwa tuhuma kwamba Nathan Grayson, mwandishi wa tovuti ya gemu ya Kotaku, aliandika mapitio ya kuisifia gemu ya Quinn, Depression Quest, kwa sababu ya mapenzi. Mhariri wake alifuatilia. Mapitio hayo hayakuwahi kuandikwa. Ukweli huo ulitoka mapema kabisa na haukumzuia yeyote. Quinn alihama nyumbani kwa vitisho, mtengenezaji gemu mwingine, Brianna Wu, naye akahama kwake, na Oktoba Anita Sarkeesian, mhakiki wa namna wanawake wanavyoonyeshwa kwenye gemu, akafuta mhadhara Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah baada ya mtu kutishia kuua watu kwa risasi.

Mimi ninayejali maadili ya uandishi wa gemu naona aibu neno hilo lilivyotumiwa. Kampuni zinazonunua matangazo, zinazochagua nani apewe nakala na nani asipewe, hizo hazikukimbizwa nyumba zao na mtu. Aliyekimbizwa ni mtu aliyetengeneza gemu ndogo ya maandishi inayochezwa bure kuhusu ugonjwa wa huzuni. Anayetaka kujua nani kamlipa mhakiki anauliza fedha zilipotoka. Hahitaji kujua nani analala na nani, na hana sababu yoyote ya kujua mtu anaishi wapi.

Nalisema hili nikiwa namfikiria Fundi, kwa sababu nimeyaona kwa udogo wake pale pale dukani. Kuna vijana wanaingia, wanasoma tepu, hawaipendi, na kabla ya kubishana na tepu wanabishana na yeye kuwa mwanamke. "Dada, mambo ya mpira unayajulia wapi?" Mwingine alianza kumtania kuhusu msambazaji yule wa padi, eti alikuwa anafuata nini kule. Fundi hakupandisha sauti. "Mdogo wangu, tepu ile pale. Isome, uicheze gemu, kisha uje unionyeshe nimekosea wapi. Ukinionyesha naibandua." Wapo waliorudi na hoja, na wapo ambao tepu imebanduliwa kwa ajili yao. PES 2017 aliiandika kwamba jezi na majina ya timu nyingi si ya kweli, kijana mmoja akaleta flashi, akaonyesha jinsi PS4 inavyopokea faili za kurekebisha timu. Sasa tepu inasema: "Lete flashi, tunakuwekea jezi za kweli." Ndani ya mashine moja kuna hadi Ndanda, timu ya huku kwetu, Wana Kuchele kamili, iliyotengenezwa na vijana wenyewe mchezaji mmoja mmoja. Mimi nimeshangilia goli la Ndanda dhidi ya Barcelona kwenye benchi lile na sauti ilinikauka.

Kuhusu gemu za mpira Fundi ana msimamo ambao nauunga mkono wote. Kila mwaka mtu anakuja kuuliza "mpya", naye anamuuliza umeona nini kilichobadilika. Mara nyingi jibu ni usajili. Nilimsimulia habari ya IGN, tovuti ya mapitio ya gemu, akaifurahia: FIFA 20 ya mashine ya Nintendo Switch ilitoka kama toleo la jina tu, kikosi kipya na jezi mpya juu ya gemu ya zamani, wakaipa 2 kwa 10. Mwaka uliofuata FIFA 21 ya mashine hiyo ikaja vile vile, nao wakachapisha upya mapitio yale yale na alama ile ile. Huo ni uhakiki niliouheshimu. Mwenye mzigo hakubadilisha kitu, mpimaji naye hakujilazimisha kutafuta maneno mapya ya kumpendeza.

Tepu zake hazina alama za namba, na mwanzoni nilidhani ni upungufu. Siku hizi sidhani. Namba ikishaandikwa inaanza kufanya kazi ambazo mwandishi hakuituma. Fallout: New Vegas ya 2010 ndiyo mfano unaoniuma: Obsidian, walioitengeneza, walikuwa na makubaliano ya kupata bonasi ikifikisha 85 kwenye Metacritic. Ilifikisha 84. Alama moja, na waliokesha wakiitengeneza wakaikosa. Mhakiki aliyekuwa anasita kati ya nane na nane na nusu alikuwa anagusa mfuko wa watu bila kujua.

Yasiyonipendeza dukani yapo. Joto la chumba cha nyuma mwezi wa kumi na moja halivumiliki, na PS4 moja inanguruma mpaka husikii mtangazaji wa mechi. Anafungua kwa kuchelewa. PS3 zote mbili zimechipiwa, yaani zimefunguliwa zicheze gemu za kunakili, gemu zimejazwa kwenye diski ya ndani ya mashine, na kwa zile hakuna mtengenezaji hata mmoja aliyepata senti. Nimemwambia kwamba mtu anayeandika mgawo wake wa elfu tano juu ya jalada anapaswa aandike na hilo. Alinyamaza, kisha akasema PS3 hazina diski mpya madukani siku hizi. Ni kweli, na bado halijanitosha.

La kubwa zaidi ni hili: Fundi anapendelea gemu za watu wawili. Analipwa kwa mechi, kwa hiyo gemu ya mtu mmoja, ya hadithi, inamkalia luninga bila fedha. Ghost of Tsushima ilikaa kabatini muda mrefu na tepu ya maneno mawili, "Mmoja tu", na vijana wakaipita. Niliinunua masika, ghala likiwa tupu. Unapotafuta njia mle ndani hakuna mshale kwenye kioo. Unaita upepo, na majani yanainama kuelekea unakokwenda. Nilikuwa naiwasha usiku mama akiwa amelala, na kuna saa nilikuwa natembea tu na farasi bila kupigana na mtu. Gemu ya namna hiyo haistahili maneno mawili. Nilimwambia tepu yake imepinda kwa sababu ya jero, kama vile ya GameSpot ilivyopindishwa na matangazo. Hakukasirika. Wiki iliyofuata palikuwa na karatasi imebandikwa ubavuni mwa kabati: "Mimi naishi kwa mechi za wawili. Gemu za hadithi muulize pia aliyecheza nyumbani." Chini yake ameacha nafasi ya watu kuandika, na watu wanaandika. Mwalimu mmoja wa sekondari ameijaza nusu ukurasa kuhusu The Last of Us.

Wanafunzi wenye sare hawaingii kabla ya shule kutoka. GTA V, gemu ya watu wazima, hawekewi mtoto, hata akija na fedha ya mechi kumi. Kubeti kwenye mechi kumekatazwa, na nimemwona akimrudishia mtu mzima jero yake na kumwonyesha mlango kwa sababu hiyo. Mzazi unayesoma hapa, kwa mabanda ya gemu ninayoyajua mjini, hapa mwanao atarudi salama.

Nimemwomba jambo moja, naye ameshaanza kulitekeleza: tarehe kwenye kila tepu. Gemu za sasa hubadilika baada ya kuuzwa, na sifa za leo zinaweza kuwa za kitu ambacho diski yako haitakipata. Cyberpunk yenyewe ilipata toleo la 2.0 Septemba 2023, na wahakiki wengi wakaandika kwamba sasa ndiyo gemu tuliyoahidiwa. Wanasema kweli, kwa PS5, Xbox za kizazi kipya na kompyuta. PS4 haikupewa toleo hilo. Diski moja ya PS4 imo kabatini kwa Fundi, elfu thelathini na tano, na tepu yake ina tarehe na mstari mmoja: "Mnayoyasoma mtandaoni siku hizi ni ya PS5. Hii niwashie uione kwanza, bure, kabla hujalipa."